Kuku wamehama banda, wanalala mwembeni

Swali: Nina kuku 12 wa kienyeji hapa Ahero, Kisumu. Mwanzoni walilala vizuri kwenye banda la mabati. Sasa jioni wanapanda mwembe, na mayai wanataga vichakani. Jirani anasema kuku ni ndege wa msituni, hafungiki. Nifanye nini?

Jibu: Kuhusu asili yao, jirani yako hajakosea. Kuku ametokana na Gallus gallus, ndege ambaye mpaka leo anaishi kwenye misitu ya Asia, kuanzia India hadi Indonesia. Mchana huchakura chini, jioni hupanda mti au mianzi, na jike hutaga ardhini mahali palipojificha. Lakini kuku wako walikuwa wakilala ndani kisha wakahama, na hapo ndipo pa kuanzia: shuku utitiri.

Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa na ncha za fito wanazolalia kuku, usiku hutoka kunyonya damu. Ukikagua saa nne asubuhi hutaona kitu. Ingia saa tatu usiku na tochi, upitishe kitambaa cheupe chini ya fito. Ukiona alama za damu, umewapata. Ng'oa fito na viota, choma matandiko, mwaga maji yanayochemka kwenye kila ufa, kisha paka dawa ya utitiri wa kuku kutoka agroveti kwa kipimo kilichoandikwa. Rudia baada ya siku 7, maana mayai hunusurika na kuanguliwa ndani ya wiki hiyo. Kuacha banda tupu hakusaidii. Utitiri huvumilia njaa kwa miezi.

Ukirudisha fito, ziwe na upana wa sentimita 5, kingo zimelainishwa, sentimita 80 kutoka chini, zote kimo kimoja. Zikipishana, kuku watagombania ya juu kila jioni. Kila kuku apate sentimita 20, kwa hiyo wote 12 wanahitaji mita 2.4. Joto la Ahero na mabati ni shida nyingine: acha nafasi ya sentimita 30 chini ya paa pande mbili, uizibe kwa wavu wa matundu ya nusu inchi, nguchiro asipenye.

Viota vitatu vyatosha, sentimita 30 kwa 30, viwe chini kuliko fito na penye giza. Kiota kikiwa juu, watakilalia na kukichafua.

Kisha wafungie siku 7 mfululizo, chakula na maji ndani. Baadaye wafungulie saa tano asubuhi, wengi wakiwa wameshataga, na saa kumi na mbili kasoro jioni mwaga mtama bandani. Anayerudi mwembeni mshushe usiku huohuo. Sishauri kuwakata manyoya ya mabawa ili wasiruke: kuku anayezurura anayahitaji kumkimbia mbwa.