Mnyoo asiyetembea: maswali na majibu kuhusu misuli ya C. elegans

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wanafunzi na mafundi wa maabara wanaofuga Caenorhabditis elegans, mnyoo wa milimita 1 anayekula bakteria. Mengi yanazunguka jambo moja: mnyoo amelegea, je, msuli wake ndio mbovu?

Kwa nini watafiti wa misuli wahangaike na mnyoo ilhali panya wapo?

Kwa sababu mnyoo aliyepooza mara nyingi hafi. Panya akiharibikiwa miosini (protini inayokunja msuli) ya misuli yake yote, hawezi kunyonya wala kupumua. C. elegans hewa humpenyea mwilini bila mapafu, chakula hukivuta kwa koromeo lenye miosini yake ya pekee, na kwa kuwa wengi wao ni huntha, hujitungisha mimba bila kutafuta dume. Utamkuta amelala kama kipande cha uzi katikati ya bakteria, lakini koromeo linadunda. Mayai yasiposukumwa nje huanguliwa humo humo tumboni, na watoto humla mama yao mpaka wakatoka. Basi kasoro ambayo kwa mnyama mwingine ingekuwa kifo, hapa inakuwa ukoo unaofugika miaka na miaka.

Mengine ni nyongeza. Ukuta wa mwili una seli 95 za misuli katika safu nne, tatu zenye seli 24 na moja 23. Ngozi inapitisha mwanga, na kwa 20°C yai huwa mnyoo mzima kwa siku 3 hivi. Sydney Brenner alitoa orodha yake ya kwanza ya minyoo wenye mwendo mbovu mwaka 1974 kutoka Cambridge, na jeni nyingi za misuli bado zinabeba jina alilozipa: unc, kifupisho cha neno la Kiingereza la mwendo usioratibika.

Naona unc-54, unc-15 na unc-22 zote zinaitwa jeni za uzi mnene. Zinatofautianaje?

Anza na uzi wenyewe. Uzi mnene ni ule unaovuta nyuzi nyembamba za aktini msuli unapojikunja; wa mnyoo huyu una urefu wa mikromita 10 hivi, wakati wa kwetu sisi ni 1.6 tu. Uzi mrefu hivyo unahitaji uti, na uti huo ni paramiosini, inayotoka kwenye unc-15. Binadamu hana paramiosini; ndiyo maana kitabu chako cha fiziolojia hakiitaji.

Juu ya uti huo hulala miosini, na hapa ndipo patamu. Ziko za aina mbili na hazichanganyiki ovyo. Miosini A, ya jeni myo-3, hukaa katikati ya uzi tu. Miosini B, ya unc-54, hushika sehemu zote mbili zilizobaki kuelekea nchani. Mpangilio huo ulionyeshwa kwa kingamwili mwaka 1983. Ukiuelewa, dalili unazoziona kwenye sahani zinajieleza zenyewe. Ondoa miosini A, na uzi haupati mahali pa kuanzia: kiinitete hukwama ndani ya yai kikiwa kimekunjwa mara mbili, hakigeuki wala hakirefuki. Ondoa miosini B, kama ilivyo kwa minyoo wenye unc-54(e190), na uzi huanza lakini haukamiliki: mnyoo huzaliwa, hukua, hutikisa kichwa kidogo, mwili haufuati. Koromeo halijali, maana linatumia myo-1 na myo-2.

unc-22 ni habari nyingine kabisa. Miosini ipo na nguvu ipo, kinachokosekana ni breki. Jeni hiyo hutengeneza twichini, protini kubwa mno ya ukoo mmoja na titini ya misuli yetu, iliyoelezwa na Guy Benian na wenzake mwaka 1989. Ukimtazama mnyoo huyu kwa ukuzaji wa mara 40, usiangalie anakokwenda, angalia ngozi: inatetema mfululizo kutoka kichwani hadi mkiani, kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Mwenye nakala moja tu mbovu huonekana mzima, lakini mtie kwenye tone la nikotini ya asilimia 1 naye ataanza kutetema. Hila hiyo huokoa kazi nyingi unapotafuta wabebaji.

Minyoo wangu wana mabadiliko mapya ya jeni na wanatambaa polepole. Nitajuaje ni msuli au ni neva?

Tumia dawa mbili, kila moja kwenye sahani zake. Aldikabu huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo kwayo neva huuamuru msuli kujikunja, hivyo asetilikolini inayotoka kwenye neva hujilimbikiza mpaka msuli ukakakamaa. Levamisoli huruka neva na kubonyeza kipokezi cha msuli moja kwa moja.

Yeyusha aldikabu katika ethanoli ya asilimia 70 upate akiba ya 100 mM. Agari ya NGM (ile ya kawaida ya kufugia minyoo hawa) ikishapoa hadi 55°C, tia mikrolita 100 za akiba kwa kila mililita 10, utapata 1 mM. Vaa glavu na fanyia kazi kwenye kabati la hewa. Hii ni dawa ya kuua wadudu yenye sumu kali sana kwa watu. Weka tone la bakteria katikati, kisha minyoo 25 wa umri mmoja, watu wazima wachanga. Kila baada ya dakika 15 gusa kila mmoja kwa waya wa platinamu. Asiyesogea kabisa mhesabu amepooza. Minyoo wa kawaida, aina ya N2, wengi wao huwa wamekakamaa ndani ya saa 2.

Sasa soma matokeo. Wakistahimili aldikabu lakini wakapooza kama kawaida kwenye levamisoli, shida iko upande wa neva: asetilikolini haitoki ya kutosha. Wakistahimili zote mbili, tafuta kwenye vipokezi (unc-29, unc-38, unc-63, lev-1 na lev-8 ndizo zinazojulikana zaidi) au kwenye msuli. Wakipooza upesi kuliko kawaida, huenda asetilikolini inatoka kupita kiasi, au breki ya GABA (kemikali ya neva inayolegeza msuli) haifanyi kazi.

Mtego uko hapa: mnyoo ambaye tayari hatembei, kama unc-54, hawezi kupimwa kwa kugusa, maana utamwandika amepooza dakika ya kwanza. Kwake pima urefu kwa picha kabla na baada ya levamisoli. Msuli mzima hujikunja na mwili unafupika waziwazi. Nyuzi zikiwa chache, ufupi ni mdogo. Na mwenzako afiche majina ya sahani kabla hujaanza kuhesabu. Mkono unaojua jibu hugusa kwa nguvu tofauti.

Levamisoli hiyo ndiyo ile ya kunywesha mbuzi?

Ndiyo, kemikali ileile na kazi ileile: minyoo tumboni mwa mbuzi hukakamaa, hushindwa kujishikilia, hutolewa na kinyesi. Usinunue ya duka la mifugo kwa jaribio, kwa kuwa mara nyingi imechanganywa na dawa nyingine. Agiza chumvi safi ya hidrokloraidi.

Ninataka kuona sarkomea (vipande vinavyojirudia vya nyuzi za msuli) bila kununua kingamwili. Inawezekana?

Inawezekana, kwa hadubini yenye vichujio viwili vya polaroidi vilivyopishanishwa. Nyuzi nene hung'aa, nyembamba hubaki giza, na msuli mzima huonekana kama mistari sambamba iliyoinama kidogo, digrii 6 hivi, kwa urefu wa mwili. Katikati ya eneo la giza kuna vidoa vilivyopangwa kama shanga. Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya diski Z (mahali nyuzi nyembamba zinaposhikizwa) kwa mnyoo. Kwa unc-54 mistari inafifia, kwa unc-15 inavurugika na kuacha mabonge yanayong'aa.

Kosa la kawaida ni kumtuliza mnyoo kwa levamisoli kisha kupima upana wa mistari. Umeshaukunja msuli, kwa hiyo unapima dawa. Tumia pedi ya agarosi ya asilimia 10 na tone la shanga za polistairini za mikromita 0.1, zinamshika kwa msuguano tu.

Ukitaka rangi ya faloidini kwa ajili ya aktini, jihadhari na methanoli. Inaharibu umbo la aktini ambalo faloidini hulishika, nawe utakaa gizani ukilaumu taa ya hadubini. Hifadhi umbo la mnyoo kwa formaldehaidi.

Minyoo wetu wa unc-45 wanapooza wakati mwingine, wakati mwingine hapana. Chupa ni moja, bakteria ni wale wale.

Pima joto la chumba. unc-45 hutengeneza protini tunayoweza kuiita mkunga wa miosini: ikishirikiana na Hsp90 (protini nyingine msaidizi), hukisaidia kichwa cha miosini kujikunja sawasawa. Aina ya e286 hufanya kazi kwa 15°C na kushindwa kwa 25°C. Kwenye maabara ya Mombasa au Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi, sahani ikiachwa mezani mchana mmoja wakati mabuu wanakua, nyuzi nene hazijengeki vizuri. Umri nao una maneno yake: ukiwapasha moto wakiwa tayari watu wazima, dalili ni ndogo, kwa kuwa nyuzi zao zilishajengwa. Kwa hiyo wapange umri kwanza. Osha minyoo waliojaa mayai upate mililita 3.5, ongeza mililita 1 ya jiki na mililita 0.5 ya NaOH ya 5 M. Tikisa kila dakika 2. Miili ikishayeyuka na kubaki mayai tu, isizidi dakika 10, zungusha kwa sentrifuji na uoshe papo hapo. Jiki iliyokaa wazi imepoteza nguvu, mbichi kupita kiasi inaua mayai. Soma asilimia ya haipokloraiti kwenye chupa, inayotakiwa ni 5.

Nimewalisha bakteria wa kuzima jeni ya msuli, hakuna kilichotokea.

Kabla ya kulaumu jeni yako, weka sahani ya unc-22 pembeni. Ndiyo jeni ambayo Andrew Fire na Craig Mello waliitumia mwaka 1998 kuonyesha kuwa RNA ya nyuzi mbili huzima jeni, na tuzo ya Nobel ikafuata 2006. Wasipotetema, mfumo wako ndio uliolala: IPTG (kemikali inayowaamuru bakteria kutengeneza RNA hiyo) imechakaa, bakteria wa HT115 unaowalisha wamepoteza plasmidi (duara la DNA lenye agizo hilo) kwa kukosa antibiotiki, au umehamisha minyoo pamoja na donge la OP50, bakteria wao wa kawaida wa chakula, nao wanakula hilo. Waoshe mara tatu kwa M9 (maji ya chumvi ya maabara) kwanza.

Je, mnyoo anaweza kuiga ugonjwa wa Duchenne, ule wa kurithi unaodhoofisha misuli?

Kwa kiasi. Jeni ya distrofini, protini inayokosekana kwenye ugonjwa huo, anayo, inaitwa dys-1, lakini akiikosa peke yake hupinda kichwa kupita kiasi anapotambaa na msuli hauozi sana. Uharibifu unaoongezeka kwa umri ulionekana mwaka 2000 pale dys-1 ilipounganishwa na kasoro ndogo ya hlh-1, jeni inayoongoza ujenzi wa msuli. Anafaa kwa kuchuja dawa nyingi haraka. Kwa maswali ya msuli kujiponya hafai hata kidogo: hana seli akiba za kujenga msuli upya, na zile 95 alizokamilisha ujanani ndizo atakazokufa nazo.

Nahesabu mapigo ya mnyoo anapojipindapinda majini, kila siku napata namba tofauti.

Mwache sekunde 30 kwenye tone la M9 kabla ya kuanza, hesabu sekunde 30 nyingine, minyoo 10 hadi 15 kwa kila kundi. Tumia ujazo uleule wa tone, joto lilelile, na wasiwe wametoka kwenye sahani iliyoisha bakteria.