Mchezaji "anaweza", punda "hawezi"

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Barazani kwetu Langoni, Lamu, tumebandika kanuni za keram, mchezo wa kusukuma kete kwa kidole ziingie mashimoni, ambazo kijana mmoja alitufasiria kutoka Kiingereza. Ya malkia, ile kete nyekundu, yasema hivi: "Mchezaji anaweza kuingiza malkia baada ya kuingiza kete yake moja." Juzi mwenzetu alimtia malkia shimoni naye hajatia kete hata moja. Tulipomwambia amrudishe, akajibu kwamba karatasi inampa ruhusa ya baadaye, haimkatazi ya sasa. Nani ana haki? Tena, tuseme malkia "arudishwe" au "irudishwe"?

JIBU: Waaleikum salaam. Mwenzenu ni mjanja, na ujanja huo kaupata kwa mfasiri wenu. Kwa sheria ya keram hana lake: haki ya kumtia malkia huja baada ya kete moja ya rangi yako kuingia, na akitiwa mapema hurudishwa katikati ya ubao. Lakini kwa karatasi mliyoibandika, wakili mwenye njaa angemshindia kesi.

Mchokozi ni "anaweza". Neno hili nina ugomvi nalo wa siku nyingi. Asili ya kuweza ni nguvu. Ndiko ulikotoka uwezo, na ndiyo maana mzee wa pwani akiulizwa hali ya jirani hujibu "hawezi", nawe ukafahamu kwamba jirani yu kitandani. Sasa wafasiri wamelitwisha nguvu, ruhusa na "labda" kwa pamoja, kisha wanatuachia sisi tupakue.

Kuna ukuta mmoja mjini umeandikwa kwa rangi nyekundu: "Punda hawezi kufungwa hapa." Kila nikipita nasimama. Hawezi kwa nini? Kamba fupi? Hakuna kigingi? Au punda mwenyewe ndiye hawezi, tumpeleke akatazamwe, maana hospitali ya punda Lamu tunayo? Ama ni punda mkali, kila aliyejaribu kumfunga amekula teke? Siku moja nilimkuta punda kafungwa papo hapo, chini ya maandishi, katulia tuli anatafuna boksi. Aliweza! Mwenye ukuta alikusudia "Punda hawafungwi hapa", au kama ana hasira, "Usifunge punda hapa". Angepata alichokitaka, na rangi ingebaki.

Watu wa bao hawana shida hii. Kwenye bao, ukiwa na pa kula kete za mwenzako huna hiari, ni lazima ule. Usipokuwa na pa kula ndipo unatakata, yaani unasogeza kete zako bila kula. Mpe mfasiri wenu aiandike kanuni hiyo, atawaletea "mchezaji akiweza kula, anaweza kula", na mgeni atakayesoma atanawa mikono asubiri sahani.

Kiswahili hakijakosa namna ya kuamuru. Tuna apige na asipige, tuna lazima, tuna ruhusa, tuna hiari. Mtu akiwa huru kuchagua, semeni ana hiari. Akiwa amekatazwa, semeni asifanye. Bandueni sentensi ile muandike: "Mchezaji asiingize malkia kabla hajaingiza walau kete moja ya rangi yake." Na hilo "hajaingiza" lisiguswe. Najua yuko atakayetaka kulinyoosha liwe "kabla ameingiza". Huyo msimpe kalamu.

Wanaoingia mkahawani wakauliza "naweza kupata chai?" nimeshawasamehe. Zamani niliwajibu kwamba wana mikono na chai ipo, watapata, nikaonekana mkorofi. Chai inakuja, hakuna anayegombana. Kanuni ya mchezo ni jambo jingine, kwa kuwa msomaji wake wa kwanza ni yule aliyekwisha kukosea na sasa anatafuta upenyo.

La pili ni jepesi. Malkia "arudishwe". Kuwa kipande cha mbao hakumvui cheo, na maadamu mmemwita malkia, mpeni heshima ya malkia: ameingia, amefunikwa, amerudi. Mkitaka "irudishwe", mwiteni kete nyekundu. Mwenzenu naye amrudishe leo hii, kwa ngeli yoyote aipendayo.