Mashine ya moyo: ufunguo uko kwa nani?

Hoteli yetu ina mashine ya kushtua moyo na taa yake ni ya kijani daima. Kuna la ziada? (Bamburi)

Lipo, ndugu yangu. Taa ya kijani maana yake mashine ilijikagua ikakuta betri na mitambo ya ndani viko sawa. Tarehe ya mwisho ya pedi, zile za kunata zinazobandikwa kifuani, mashine nyingi haziijui. Pedi zina jeli, na jeli ikikauka pedi haishiki kifuani wala haipitishi umeme ipasavyo. Pindua pakiti usome tarehe. Usiifungue kuchungulia, maana ikishafunguliwa inaanza kukauka. Iliyotoboka itupwe hata kama tarehe bado. Seti ya akiba iwepo kando.

Halafu chagua mtu, kila Jumatatu aangalie taa, tarehe ya pedi, tarehe ya betri, waya wa pedi kama ni wa kuchomekwa muda wote, mkasi, wembe, glavu na taulo, kisha atie sahihi. Fomu ikiandikwa "idara ya usalama", hajaandikwa mtu.

Betri imeisha. Naweza kuichaji? (Changamwe)

Hapana. Nyingi ni za lithiamu zisizochajiwa. Nunua mpya ya modeli hiyo hiyo, na iliyotengenezwa karibuni, si iliyolala dukani.

Fundi, tunataka kuiweka kwenye basi la shule. Tatizo liko wapi? (Mikindani)

Joto. Mashine nyingi zimeandikiwa nyuzi 0 hadi 50, na basi lililofungwa juani Januari laweza kuvuka hapo. Jeli na betri ndizo huumia kwanza. Jioni ishuke na dereva, ilale ofisini. Na ninyi mlio ufukweni, chumvi hula bawaba za kasha na pini za plagi ya pedi. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu. Msipulizie dawa wala msitie jiki.

Msimamizi wa jengo ameifungia kwa kufuli isiibwe. (Moi Avenue)

Basi ameiiba yeye. Moyo uliosimama, kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua wala kushtuliwa, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Mtu akianguka Ijumaa saa saba mchana, askari mwenye ufunguo yuko msikitini, hesabu mwenyewe. Weka kasha lenye king'ora kinacholia mlango ukifunguliwa, pale askari anapokaa. Kisha shika saa: toka kona ya mbali kabisa ya jengo, ifuate mashine, urudi nayo. Ikizidi dakika 3, ihamishe au nunua ya pili. Lifti usiihesabu, umeme ukikatika utapanda ngazi.

Aliyeopolewa baharini, hatutapigwa umeme sisi? (Likoni)

Mtoe majini, mpanguse kifua, bandika pedi, mtu asimguse inaposhtua.

Na mtoto? (wengi, tena na tena)

Jamani, soma maelekezo kwenye kasha. Chini ya miaka 8 au kilo 25, tumia pedi za mtoto au kitufe cha mtoto. Hazipo? Za mtu mzima: moja kifuani, moja mgongoni. Usimwache bila kitu.

Tunatengeneza orodha ya mashine za mtaa wetu. Tuandike nini? (Tudor)

Jengo, ghorofa, ukuta upi, namba ya mashine, simu ya mwenye dhamana, tarehe ya pedi na ya betri, na saa za kufunguliwa. Hizo saa ndizo watu husahau. Mashine ya benki Jumapili ni kama haipo. Kila miezi mitatu mtu aende kuiona kwa macho. Kupiga simu na kujibiwa "ipo" si ukaguzi. Juu ya orodha andikeni namba za dharura, 999 na 112.

Ilitumika mwezi jana, tukaikunja vizuri tukairudisha. (Nyali)

Pedi zile zile? Hutumika kwa mtu mmoja tu. Iondoeni kashani leo, bandikeni karatasi ya kusema iliyo karibu iko wapi, na isirudi kabla ya pedi mpya.