Hukumu ya miaka 6 au adhabu ya miaka 6? Na hiyo "bahati mbaya" mmeitoa wapi?

"Shikamoo mwalimu. Kuna kijana wa mtaani kwetu alimpiga mwenzake na mpini wa jembe kilabuni wakigombania hela ya mbege, mwenzake akafa, mahakama imempa hukumu ya miaka 6 kwa kuua kwa bahati mbaya. Nyumbani tumebishana, ni hukumu ya miaka 6 au adhabu ya miaka 6?" Msomaji, Kiboriloni, Moshi.

Marahaba dada. Ni adhabu. Maneno yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, hukumu ni uamuzi, adhabu ni mateso anayopewa mtu kwa kosa lake. Jaji anasoma hukumu, akisema mshtakiwa hana hatia basi hukumu imetoka na adhabu hakuna, sasa hiyo utaiita hukumu ya miaka mingapi? Kitenzi hakina tatizo, "amehukumiwa kifungo cha miaka 6" ni Kiswahili safi kabisa. "Hukumu ya kifo" imeshazoeleka, kuigombea ni kuchosha koo tu, acha iende. Na vijana wa stendi wanaosema jamaa kala mvua 6 nao waacheni, kila mtu anaelewa mvua ni miaka ya jela.

Kilichoniudhi mimi ni "kuua kwa bahati mbaya". Jamani! Naisikia kwenye daladala za Kilombero, naisikia redioni, watu wazima wanaitamka bila wasiwasi wowote na si kweli hata kidogo. Bahati mbaya ni hivi: unapasua kuni uani kwako, shoka linachomoka kwenye mpini, linaruka uzio linamkuta mtu ambaye hata hukujua yuko pale. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yaani sheria yetu ya makosa ya jinai, inalijua jambo hilo tangu mwanzoni kabisa, kifungu cha 10, tukio likiwa ni ajali na hukufanya uzembe wowote huwajibiki kwa jinai, unarudi nyumbani kwako.

Sasa mwangalie kijana wenu. Aliuona ule mpini, akauokota, akauinua, akamlenga mtu aliyesimama mbele yake. Mpini haukuchomoka popote. Kupiga alikusudia, asichokusudia ni kifo, na hapo ndipo jina la kosa linapotoka, kuua bila kukusudia, yaani kitendo kilikuwa haramu na kimeleta kifo ila nia ovu ya kuua haikuwepo. Nia hiyo ingethibitishwa yangekuwa mauaji ya kukusudia, na adhabu yake ni kunyongwa, jaji hana pa kuchagua.

Kwenye kuua bila kukusudia anapo pa kuchagua, tena papana sana. Juu kabisa ni kifungo cha maisha, chini sheria haikuweka kiwango. Mwongozo wa adhabu wa 2023 umegawa ngazi tatu, kosa zito ni miaka 10 hadi maisha, la kati miaka 4 hadi 10, la chini kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi miaka 4. Ili ajue yuko ngazi gani jaji anaangalia silaha ilikuwa nini, kapigwa mara ngapi na sehemu gani ya mwili, nani alianza, kuna uchokozi au hakuna, na baada ya hapo huyu alikimbia au alimbeba mwenzake kumpeleka hospitali. Halafu anamgeukia mtu mwenyewe, ni kosa lake la kwanza? Alikiri mapema? Maana kukiri mapema kunaweza kuondoa hadi theluthi ya adhabu. Amesota mahabusu muda gani?

Maswali yote hayo yanahusu mkono wa mtu na akili yake siku ile, sasa ukisema bahati mbaya umeyafuta yote kwa mpigo. Ndiyo maana adhabu ikitoka mtaa unagawanyika, huku wanasema kaonewa ilikuwa bahati mbaya tu, kule wanasema kaua mtu halafu miaka michache namna hii? Mwaka 2017 mwigizaji Lulu alipopewa miaka 2 kwa kuua bila kukusudia kwenye kesi ya kifo cha mwigizaji mwenzake Kanumba nchi nzima ilibishana hivyo hivyo. Na mama wa marehemu je? Anaambiwa mwanawe kafa kwa bahati mbaya kama vile aliangukiwa na mti, wakati kuna mtu alimpiga! Tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo haya maneno ndiyo yanayompeleka mtu jela au nyumbani, tusiyachezee.

Sentensi yako dada iandike hivi: "Alimpiga mwenzake na mpini wa jembe, akafa, mahakama imemtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumpa adhabu ya kifungo cha miaka 6." Aliyekuwa upande wa adhabu hapo nyumbani kashinda, ila kama na yeye alikuwa anasema bahati mbaya mrudishe hapa asome tena.