Binti ana D tatu za sayansi, uuguzi atauweza?

SWALI: Dada nesi habari za kazi, mi nauza viazi hapa Uyole, binti yangu kamaliza fomu foo kapata Bailojia D, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza C, Hesabu ndo F. Anataka unesi toka yuko darasa la tano hasikii la mtu. Jirani ananiambia hata akipata chuo ataishia mwaka wa kwanza na hela itakuwa imeliwa. Je watamchukua? Na atamaliza kweli? – Mama Binti

JIBU: Ndaga mama. Sifa anazo. NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya kati, kwa stashahada ya uuguzi na ukunga wanataka pasi nne, masomo ya dini hayahesabiwi, na humo ziwemo Bailojia, Kemia na Fizikia kuanzia D, Hesabu na Kiingereza ni nyongeza. Ila nafasi zinagombaniwa, mwenye C tatu anamtangulia, so asiombe chuo kimoja tu akakaa kusubiri.

Hilo la kumaliza ndo lenyewe. D ya Necta ni alama 30 mpaka 44, kwahiyo mmoja kakosa C kwa alama moja, mwenzie kaponea chupuchupu F, na vyeti vyao vinafanana. Mwaka wa kwanza wengi wanabwagwa na anatomia na fiziolojia, kitabu kinene cha Kiingereza majina hayaishi, hapo ile C yake itamsaidia kuliko unavyodhani. Wito nao mzuri, ila sijaona wito ukimfaulisha mtu anatomia.

Mi kinachonitisha ni hiyo F. Kwenye vigezo Hesabu ni nyongeza, wodini sio. Juzi nimempa mwanafunzi dripu ya lita moja iishe kwa masaa nane, mrija ni wa matone 20 kwa mililita, nikamuuliza matone mangapi kwa dakika. Kaikodolea chupa weee, katoa simu, kabonyeza, kaniambia 2,500! Kumbe hajagawa kwa 60, jibu ni kama 42 hivi. Na huyo ana B ya Bailojia.

Marekani vyuo vingi vinampa muombaji mtihani kwanza, kuna mmoja unaitwa TEAS, unapima kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Wewe mpe wa kwako hapo nyumbani kabla hujatoa hela ya ada. Achukue kitabu cha Bailojia asome mzunguko wa damu, akifunge, akueleze wewe kwa Kiswahili mpaka uelewe. Hesabu mfanyie hapohapo gengeni, debe sita ni bei hii je debe mbili na nusu, bila simu, kila siku kwa mwezi mzima.

Ukiona anapanda, mpeleke. Ukiona anakukaririshia maneno ya Kiingereza kama kasuku basi arisiti kwanza mwakani, hajachelewa. Maana hata akimaliza chuo kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndo apate leseni, na kule hakuna wa kumbeba.

Halafu huyo jirani, wa kwake wanasoma wapi?