Kasino ya wageni tu: mwanangu akubali kazi hiyo?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wetu. Mimi ni mzee wa Ngamiani, Tanga. Mwanangu yuko mapokezi katika hoteli ya kisiwa cha mbali kinachoishi kwa watalii. Serikali ya huko inataka kuruhusu kasino, na inasemekana watakaocheza ni wageni tu, wenyeji marufuku. Ameahidiwa kuhamishiwa meza ya karata kwa mshahara mnono. Anasema watalii wamepungua, na kodi ya kasino itajenga hospitali. Barazani kwetu tumegawanyika. Akubali?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Asikubali, mzee wangu. Uharamu wa kamari hauna mjadala: Suratul Maida aya ya 90 imeitaja pamoja na ulevi na masanamu. Na vijana wetu wanaoshinda na mikeka ya mpira kwenye simu wasijione salama, wamo humohumo.

Hoja ya kodi siipuuzi, kwa kuwa Qur'ani nayo haikuipuuza. Al-Baqara 219 inakiri kuwa kamari ina manufaa kwa watu, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Anayetuonyesha hospitali hajaleta jipya.

Hili la "wageni tu" ndilo linalonishangaza. Bahamas ndivyo wanavyofanya: mtalii anacheza, mwenyeji anazuiwa na sheria. Singapore iliamua kuruhusu kasino mwaka 2005, zikafunguliwa 2010, na raia akawekewa tozo ya dola 100 za huko kwa siku, baadaye 150, ili asite kuingia. Serikali inayouza kitu huku ikiwazuia watu wake wasikiguse imeshakitolea ushahidi kuwa kina madhara. Mtalii naye ana mke na watoto alikotoka. Pengine barazani watakutajia kauli ya Imam Abu Hanifa kwamba katika nchi ya vita, yaani iliyo vitani na Waislamu, Mwislamu anaweza kuchukua mali ya asiye Mwislamu kwa ridhaa yake, hata kwa kamari. Kauli ipo, lakini mwanafunzi wake Abu Yusuf aliikataa, sisi Mashafi, wafuasi wa Imam Shafi, hatuifuati, na mgeni aliyegongewa viza si mtu wa vita.

Lililobaki ni hofu ya njaa, na naielewa. Sisi Tanga tuliuona mkonge ulivyoporomoka bei nyuzi za viwandani zilipoingia. Lakini waangalie watu wa Makka. Bonde lao halikuwa na mazao. Waliishi kwa biashara ya waliokuja kuhiji. Mwaka wa 9 Hijria, At-Tawba 28 ikawazuia washirikina wasiukaribie Msikiti Mtakatifu, na Waislamu wakaingiwa na wasiwasi: nani ataleta chakula na bidhaa? Aya hiyohiyo ikawajibu kwamba wakiogopa ufukara, Allah atawatajirisha kwa fadhila Zake akipenda. Wale waliambiwa wawaache wateja wenyewe, wakatii. Mwanao anatakiwa machache kuliko hayo: watalii waje, waogelee, wale samaki, yeye aikatae meza moja tu.

Aombe abaki mapokezi. Kugawa karata ni kusaidiana katika dhambi, na Al-Maida aya ya 2 imekataza. Akiendelea kupokea wageni wa vyumba, mshahara wake hauharamiki, ingawa akipata kazi hoteli isiyo na kasino ni bora zaidi. Wakimlazimisha, aondoke. Fedha alizokwisha kukutumia ni halali, zitumie bila shaka. Akienda mezani, nawe ukajua fedha yake yote inatoka huko, usiipokee, na umweleze sababu kwa upole. Mtoto aliye mbali ukimkaripia hukata simu.

Wallahu aalam.