Wiski ghali isiyotaja umri

SWALI: Habari za kazi. Nimezawadiwa chupa ya wiski ya mchanganyiko kutoka Uskoti, ya daraja la juu. Lebo haitaji umri. Shemeji anasema wiski halisi ni ya kimea kitupu, yaani shayiri iliyooteshwa, nyingine zote huchanganywa ili kuficha kasoro. Nilipoinusa, machozi yalinitoka. Nitajuaje kama ni nzuri?

JIBU: Machozi si kosa la chupa. Kisheria wiski ya Uskoti haishuki chini ya asilimia 40 ya kilevi, na nahisi pua uliizamisha yote ndani. Mimina kidogo kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, iache dakika chache, kisha inuse kwa mbali, midomo ikiwa wazi kidogo. Andika unachokipata kabla mtu hajakutajia: asali, tufaha, vanila, ngozi, moshi.

Rangi isikubabaishe, maana karameli ya kukoleza inaruhusiwa. Wapo waonjaji wanaotumia glasi za buluu makusudi, wasiione kabisa. Umri nao una mambo yake: namba ya kwenye lebo ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo, hata kama imetiwa kijiko kimoja. Johnnie Walker Blue Label, mchanganyiko ghali wa Uskoti, haina namba, na hakuna anayeiita ya kubahatisha. Kila tone, liwe la chupa gani, lazima lilale angalau miaka 3 kwenye pipa la mwaloni hukohuko Uskoti.

Sasa piga funda dogo, lizungushe ulimini, meza. Ongeza matone machache ya maji, onja tena. Hapo ndipo mchanganyiko huumbuka. Ule wa ovyo huachana: utamu unatangulia, moshi unafuata kivyake, katikati maji matupu. Ule mzuri hukutoa kwenye asali hadi kwenye moshi usijue ulivuka wapi. Kazi hiyo ya kuunganisha hufanywa sana na wiski ya nafaka, ya ngano au mahindi, inayochanganywa na ile ya kimea, hiyohiyo anayoidharau shemeji. Ikikaa pipani muda mrefu hutoa utamu wa tofi, wakati mwingine hata wa nazi.

Halafu subiri. Kikibaki uchungu wa mbao peke yake, mimi simpi mtu alama, hata kama chupa ilikuja kwenye sanduku la hariri. Ladha ikiendelea kubadilika baada ya kumeza, umepewa zawadi ya maana.

Barafu weka mwishoni, ukishahukumu, kwa sababu baridi hufunga harufu.